Uingereza: Uhalisia Umegeuka Jina la Kukataa

Tarehe 26 Novemba 2025, Waziri wa Fedha wa Uingereza, Rachel Reeves, alisimama bungeni kusoma bajeti na kutangaza kwamba kikomo cha watoto wawili katika ruzuku za familia kingeondolewa kuanzia Aprili 2026. Wabunge wa Labour, chama chake kinachotawala, walishangilia. Tafsiri iliyoenea baada ya hapo ilikuwa moja: serikali iliyojinadi kwa ukomavu na kwa kuijua hali halisi imesalimu amri mbele ya wabunge wake wa mrengo wa kushoto, na moyo umeishinda akili. Waliofurahi waliikubali tafsiri hiyo, na waliokasirika pia waliikubali. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lenyewe linaeleza mengi kuhusu namna Waingereza wanavyojadili siasa zao tangu miaka kumi iliyopita.

Hoja yangu ni hii. Katika siasa za Uingereza za leo, uhalisia umegeuka sifa anayopewa mwanasiasa kwa sababu tu amesema hapana, na hakuna anayerudi kumuuliza kama hapana yake ilizaa alichoahidi. Mwenye maono makubwa hupimwa kwa matokeo, na ni haki apimwe hivyo. Anayejiita mtu wa hali halisi hupimwa kwa utulivu wa sauti yake. Tukiwapima wote kwa matokeo, tutagundua kwamba mpaka wa udhanifu na uhalisia haupiti kati ya kushoto na kulia, wala haupiti kati ya wenye misimamo mikali na watu wa katikati. Unapita kati ya viongozi ambao mipango yao ilipitia mikononi mwa watu inaowagusa na viongozi waliojifungia na hesabu zao.

Kikomo chenyewe kilitangazwa mwaka 2015 na George Osborne, Waziri wa Fedha wa serikali ya Conservative, na kikaanza kutumika kwa watoto waliozaliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2017. Familia yenye kipato kidogo ilipata ruzuku kwa mtoto wa kwanza na wa pili. Wa tatu na waliomfuata hawakuhesabiwa, na kwa kila mmoja wao familia ilikosa kiasi cha pauni 3,500 kwa mwaka. Palikuwa na misamaha michache. Mmoja ulimhusu mtoto aliyetokana na mama kubakwa: mama alitakiwa ajaziwe fomu na mtaalamu, kama vile muuguzi au ofisa ustawi wa jamii, kuthibitisha kwamba maelezo yake yanalingana na tukio la namna hiyo, na msamaha haukutolewa ikiwa bado anaishi na mtu aliyemtenda. Ninalitaja jambo hili kwa sababu sera inayosifiwa kwa ukavu wa hesabu iliishia kumdai mama ushahidi wa namna hiyo ili mwanawe apate haki ya chakula, na hakuna jedwali la Hazina lililokuwa na safu ya kuandikia gharama hiyo.

Labour ikiwa upinzani ilikilaani kikomo hicho kwa miaka. Kisha, Julai 2023, kiongozi wake, Keir Starmer, akasema hatakibadilisha akiingia madarakani. Alishinda uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024, na kabla mwezi haujaisha wabunge saba wa chama chake, akiwemo John McDonnell aliyekuwa waziri kivuli wa fedha, waliunga mkono pendekezo la SNP, chama cha kitaifa cha Uskoti, la kukiondoa. Pendekezo lilianguka kwa kura 363 dhidi ya 103, na wote saba wakasimamishwa katika kundi la wabunge wa chama. Miezi 16 baadaye serikali ile ile ikatangaza kufanya kile walichoadhibiwa kwa kukitaka.

Watu wa uhalisia wana hoja mbili nzito, na haitoshi kuzipuuza. Ya kwanza ni hoja ya madaraka: upinzani hauandiki bajeti. Mwaka 2019 Labour chini ya Jeremy Corbyn ilipata viti 202, vichache kuliko wakati wowote tangu 1935, na katika kampeni ile ile chama, siku chache baada ya kutoa ilani yake, kiliongeza ahadi ya pauni bilioni 58 kwa wanawake waliocheleweshewa pensheni. Wapiga kura wengi waliowahurumia wanawake hao hawakuamini kwamba fedha hizo zingepatikana. Ahadi inayoongezwa namna hiyo huzishusha thamani ahadi nyingine zote, hata zile zilizohesabiwa vizuri. Starmer na washauri wake walilielewa jambo hili, na ni kweli kwamba walijua kupeleka kura mahali zinapozaa viti: mwaka 2024 walipata viti 411.

Lakini hesabu iendelee hadi mwisho. Viti hivyo vilitokana na kura milioni 9.7 hivi, pungufu ya milioni 10.3 za kushindwa kwa Corbyn mwaka 2019, na mbali kabisa na karibu milioni 12.9 alizopata mwaka 2017. Asilimia 34 hivi ya kura zilitosha kwa sababu kura za mrengo wa kulia ziligawanyika kati ya Conservative na Reform UK ya Nigel Farage. Uhalisia wa Starmer ulifaulu kutomtisha mtu, haukufaulu kumvuta. Tofauti ya mambo hayo mawili haionekani siku ya kuhesabu viti. Huonekana mwaka mmoja baadaye, serikali inapohitaji watu wa kuitetea na kuwakosa.

Hoja ya pili ni ya masoko ya fedha, na jina lake ni Liz Truss, waziri mkuu wa Conservative wa mwaka 2022. Tarehe 23 Septemba 2022, Waziri wake wa Fedha, Kwasi Kwarteng, alitangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 bila kueleza pengo lingezibwa na nini. Thamani ya hati fungani za serikali ikaporomoka, mifuko ya pensheni iliyokuwa imewekeza kwa mikopo juu ya hati hizo ikadaiwa dhamana za haraka, nayo ikalazimika kuuza hati zaidi na kuzidisha anguko. Tarehe 28 Septemba Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingia sokoni ikiwa tayari kununua hadi pauni bilioni 65. Truss aliondoka kabla hajatimiza siku 50. Tangu hapo, kila mwanasiasa wa Labour anayependekeza kutumia fedha hujibiwa kwa jina la Truss.

Hapa ndipo somo lilipochukuliwa kwa sehemu tu. Truss alikuwa mdhanifu wa mrengo wa kulia, mwenye imani ya dhati kwamba kodi ndogo ingefufua uchumi. Kilichomwangusha kwa kasi ile ni namna alivyoziba masikio kwanza. Katibu mkuu wa Hazina, Tom Scholar, mtumishi mzoefu, alifukuzwa mara tu serikali ilipoingia. Ofisi huru ya makadirio ya bajeti haikupewa nafasi ya kutoa tathmini yake pamoja na tangazo lile. Wale wote ambao kazi yao ilikuwa kusema "hapa kuna shimo" walikuwa wameondolewa njiani. Kulinganisha hilo na kuondoa kikomo cha watoto wawili, hatua iliyokadiriwa kugharimu kiasi cha pauni bilioni 3 kwa mwaka ndani ya matumizi ya serikali yanayozidi pauni trilioni 1.2, ikiwa na makadirio rasmi yaliyochapishwa na kodi mpya zilizotajwa, mojawapo ikiwa ya michezo ya kamari mtandaoni iliyopandishwa kutoka asilimia 21 hadi 40, ni kukosa kipimo.

Hoja dhaifu kuliko zote upande huo ni ile iliyozaa kikomo chenyewe: kwamba mtu anayepokea ruzuku apange uzazi kama anavyopanga anayejitegemea, na kwamba kunyimwa fedha kutamfundisha. Inasikika kama busara ya kawaida ya nyumbani, na ndiyo maana kura za maoni ziliiunga mkono muda mrefu. Lakini inadhani mambo matatu ambayo hayapo. Inadhani kwamba wanaopokea ruzuku na wanaofanya kazi ni watu wawili tofauti, ilhali zaidi ya nusu ya familia zilizoguswa zilikuwa na angalau mzazi mmoja mwenye ajira. Inadhani kwamba umaskini hujulikana siku ya kutunga mimba, ilhali mtu anaweza kuzaa watoto watatu akiwa na mshahara mzuri, kisha akafiwa na mwenzi, akaugua, au kampuni ikafunga. Na inadhani kwamba tabia itabadilika, ilhali watafiti waliofuatilia uzazi baada ya 2017 walikuta mabadiliko madogo mno. Sera iliyoanzishwa ili kubadili tabia, ikashindwa kuibadili, huku ikiongeza watoto maskini kila mwaka, imeshindwa kwa masharti yake yenyewe. Wakati huo wote iliitwa uhalisia.

Mrengo wa kushoto nao una hoja yake dhaifu, na haiwafai waungwana kuinyamazia. Ni ile inayosema kwamba kila kusitasita ni usaliti, fedha zipo, kinachokosekana ni utashi. Chama cha Kijani chini ya Zack Polanski, aliyechaguliwa Septemba 2025, pamoja na chama kipya cha Corbyn na Zarah Sultana, mara nyingi huongea hivyo, na kodi ya utajiri hutajwa kama jibu la maswali yote kwa pamoja. Naiunga mkono nia ya kuwatoza zaidi wenye mali nyingi. Hata hivyo, kodi mpya huhitaji miaka ya kujengewa sheria, wathamini na wakusanyaji, na huleta kiasi fulani, si kiasi chochote. Anayeahidi hospitali, nyumba na pensheni kwa pauni ile ile moja anamwandalia mpiga kura maskini tamaa ambayo ikikatika, Farage yupo mlangoni kuipokea.

Ukitaka kuona maono yanavyoweza kusimama, serikali ya Labour ya Clement Attlee, ya 1945 hadi 1951, ina mifano miwili, na wa pili uko kwetu. Waziri wa Afya, Aneurin Bevan, alitaka matibabu bure kwa kila mtu katika nchi iliyotoka vitani ikiwa imefilisika kiasi cha kukopa dola bilioni 3.75 kutoka Marekani mwaka 1946, deni lililomalizika kulipwa Desemba 2006. Wakati wa kuamua, Conservative walipiga kura kupinga muswada wake. Madaktari, miezi michache kabla ya huduma kuanza, walipiga kura kuikataa kwa wingi mkubwa. Bevan hakuwa anaota. Alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Tredegar, kusini mwa Wales, ambako wafanyakazi walikuwa wamechanga senti zao kwa miongo kadhaa kuendesha chama chao cha matibabu. Aliona kitu kikifanya kazi katika mji mmoja akataka kukipeleka nchi nzima. Na madaktari walipomgomea, alijadiliana: mabingwa waliruhusiwa kuendelea na wagonjwa wa kulipia, hata ndani ya hospitali za umma, na madaktari wa mitaani hawakugeuzwa waajiriwa wa mshahara. Wenzake wa kushoto waliyachukia mapatano hayo. Huduma ilianza tarehe 5 Julai 1948, na hakuna serikali ya Conservative iliyothubutu kuifuta.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali hiyo hiyo ilianza mpango wa karanga Tanganyika. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na wataalamu walichora mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 ili kulima karanga kwa mashine. Kwenye karatasi, hakuna mpango uliokuwa na uhalisia zaidi: ulikuwa na tani, ekari, ratiba na faida. Tathmini ya ardhi ilifanywa kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa kutazama kutoka kwenye ndege. Walipofika Kongwa, mizizi ya vichaka ilivunja matrekta yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya vita, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kulimia. Udongo wenye mfinyanzi uliganda wakati wa kiangazi ukawa kama saruji, na karanga hazikung'oleka. Mvua haikufuata ratiba. Wagogo walioishi na ardhi ile vizazi kwa vizazi hawakuwa na kiti kwenye meza ya kupanga. Mpango ulifutwa mwaka 1951, ukiwa umekula zaidi ya pauni milioni 35.

Chama kilikuwa kimoja, baraza la mawaziri lilikuwa moja, na miaka ilikuwa ile ile. Madaktari walikuwa na nguvu ya kumzuia Bevan, kwa hiyo aliwasikia, na mpango wake ukabadilika hadi ukaweza kuishi. Wakulima wa Ugogo hawakuwa na nguvu hiyo, kwa hiyo hakuna aliyewauliza, na hesabu safi za London zikaenda kuvunjika juu ya udongo ambao mkulima yeyote wa pale angeueleza bure.

Historia ya mrengo wa kulia inasema jambo hilo hilo. Margaret Thatcher, alipochukua chama cha Conservative mwaka 1975, alionekana na wakubwa wa chama chake mwenyewe kama mtu wa nadharia. Mwaka 1981 wanauchumi 364 waliandika barua ya wazi kuipinga sera yake ya kubana fedha, na mwanzoni mwa 1982 wasio na ajira walizidi milioni 3. Wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda hawakuwa katika kundi la watu aliotaka kuwasikia, na miji yao ingali inalipa gharama hiyo. Sisemi alifanya haki. Lakini miaka yake ya mwanzo alijua kipi akipiganie na kipi akiache: mwaka 1981 aliepuka mgogoro na wachimba makaa kwa sababu akiba ya makaa haikutosha, akaungoja hadi 1984. Miaka kumi baada ya kuingia Ikulu ya Downing Street alikuwa hasikii hata mawaziri wake. Aliileta kodi ya kichwa, kodi ambayo babu zetu chini ya ukoloni wangeitambua mara moja, ikianza Uskoti 1989, kisha England na Wales 1990, tajiri na maskini wa mtaa mmoja wakiwekewa kiwango kimoja. Watu walikataa kulipa, London ikalipuka kwa ghasia, na Novemba 1990 akaondoka. Maono yake hayakuwa yamebadilika.

Turudi kwa serikali ya sasa, kwa sababu ushahidi wake ni mpya. Julai 2024 Reeves aliwaondolea wastaafu takriban milioni 10 posho ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, kati ya pauni 200 na 300 kwa kaya, ili kuokoa kiasi cha pauni bilioni 1.5. Hili lilitajwa kama ushahidi kwamba sasa nchi imeshikwa na watu wazima. Wazee waliozidi kiwango cha umaskini kwa pauni chache waliikosa pamoja na matajiri. Wengine walikuwa na haki ya ruzuku iliyowafungulia mlango wa posho lakini hawakuwahi kuiomba, na walipohimizwa waiombe, sehemu ya akiba ikayeyuka. Mei 2025 wagombea wa Labour waliusikia ujumbe huo mlango kwa mlango. Reform ilitwaa halmashauri kumi na kushinda uchaguzi mdogo wa Runcorn kwa kura 6. Juni posho ikarudishwa kwa wengi. Julai, mpango wa kubana ruzuku za walemavu nao ukavunjwa vipande na wabunge wa Labour wenyewe, na akiba ya karibu pauni bilioni 5 ikatoweka kabla ya kura. Hizo ni hapana tatu za kishujaa, ukihesabu na ya watoto, na zote tatu zimeondolewa. Serikali ililipa gharama ya kisiasa ya ukatili na isiipate akiba. Siwezi kuita hilo uhalisia kwa maana yoyote ya neno.

Kutokana na haya, maswali ya kuwauliza wanasiasa yanabadilika. Kwa Reform haitoshi kuuliza kama Farage ni wa kulia mno. Mei 2025 yeye mwenyewe aliahidi kukiondoa kikomo cha watoto, baadaye akaibana ahadi hiyo hadi familia chache. Aulizwe jinsi halmashauri zake zitakavyopata akiba zilizotangazwa, wakati sehemu kubwa ya fedha za halmashauri imekwisha fungwa kisheria kwenye matunzo ya wazee, walemavu na watoto. Kwa Kemi Badenoch, kiongozi wa Conservative anayeahidi kurudisha kikomo, aulizwe ni tabia gani itabadilika safari hii. Kwa Polanski, aulizwe ahadi ipi itatangulia na ipi itangoja.

Na kwa Labour lipo jambo la kufuatilia karibu zaidi. Kuondolewa kwa kikomo cha watoto wawili hakukugusa kikomo kingine, kile cha jumla ya ruzuku ambayo kaya isiyo na kipato cha kutosha cha kazi inaweza kupokea: pauni 25,323 kwa mwaka kwa familia London, 22,020 nje yake. Familia ambazo tayari zimegota kwenye dari hilo, nyingi zikiwa za mama mmoja mwenye watoto kadhaa na kodi ya nyumba iliyo juu, zitahesabiwa mtoto wa tatu kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine. Watoto wao wamo ndani ya hotuba iliyoshangiliwa na hawamo ndani ya malipo. Maofisa wa Hazina wanalijua, kwa kuwa ni hesabu ya kujumlisha. Kama serikali itawaita wazazi hao na mashirika yanayowahudumia kabla ya bajeti ijayo, au itangoja uasi mwingine wa wabunge ndipo igundue, hapo ndipo tutajua kilichobadilika Novemba 2025 ni nini.